Lenzi Moja ya Kila Siku: Tuanze na Namba Ndogo

(Hotuba kwa wapiga picha, Mji Mkongwe, Unguja. Imeandikwa kwa ajili ya waliotaka kuisoma kwa utulivu.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, kina dada na kina kaka wa kazi ya picha, mliotoka mjini na mliotoka mashamba, na nyinyi mliovuka bahari kutoka Pemba: karibuni sana. Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo kila mwenye kamera ya kubadilisha lenzi hulifikia. Ni lenzi gani ya zumu, yenye kituliza mtikisiko, ikae kwenye kamera tangu asubuhi mpaka usiku, bila ya mtu kujitwika mkoba mzima? Tutasema kwa majina na kwa namba. Anayekwenda kutoa fedha zake hasaidiwi na maneno ya juu juu.

Wengi wakienda kununua huuliza namba kubwa. Muuzaji husema hii inafika 200, ile inafika 300, na biashara imekwisha. Lenzi ya zumu huandikwa namba mbili za milimita, kama 18-200: ndogo inaona pana, kubwa inavuta mbali. Sisi tunasema iangaliwe kwanza namba ndogo, ile ya upande mpana. Ukipungukiwa na milimita za mbali, mara nyingi utapiga hatua mbele, au utaikata picha baadaye. Ukipungukiwa na upana ndani ya kichochoro cha Mji Mkongwe, nyuma yako pana ukuta, na hapo huna la kufanya.

Tupige hesabu. Kamera nyingi tunazotumia hapa, Canon za EOS na Nikon za D3000 na D5000, zina kihisio kidogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Upande wake mrefu ni kama milimita 22 kwa Canon na 23 na nusu kwa Nikon. Chukua Canon, isimamishe wima, simama mita 2 kutoka kwenye mlango wa kuchonga. Kwa milimita 18 picha yako inabeba kimo cha kama mita 2 na nusu. Kwa milimita 15 inabeba karibu mita 3. Tofauti ni milimita tatu tu kwenye lenzi, lakini mlangoni ni nusu mita nzima, na nusu mita hiyo ndiyo yenye kizingiti cha juu, mahali fundi alipoweka nakshi zake bora na mara nyingi aya na mwaka. Mtu mwenye 18 hupata mbao mbili, mfaa na njumu, kisha kichwa cha mlango kimekatwa. Kwa Nikon, 16 hufanya kazi ile ile ya 15 ya Canon. Kwa kamera ya kihisio kikubwa (full frame), 24 inatosha.

Kumbukeni basi namna ya kulinganisha: milimita za lenzi zidisheni kwa 1.6 kwa Canon ya kihisio kidogo, kwa 1.5 kwa Nikon, Sony na Fujifilm za kihisio kidogo, na kwa 2 kwa Panasonic na Olympus za kihisio kidogo zaidi. Hapo ndipo mtajua 15-85 ya Canon inaona sawa na 24 hadi 136 ya kihisio kikubwa, na 24-105 ukiifunga kwenye kihisio kidogo inageuka kuwa 38 hadi 168. Hii ya mwisho ni lenzi nzuri sana, lakini kwenye kamera ndogo inakuacha bila ya upana kabisa. Kuna watu wanainunua kwa sababu ina utepe mwekundu, alama ya lenzi za L, zile za daraja la juu za Canon, kisha wanashangaa kwa nini ukumbini hawapati safu nzima ya wageni.

Na upande wa mbali? Hapa Zanzibar picha ya mtu huombwa. Mama anayefunga mwani Jambiani, mzee aliyekaa barazani, muuza tungule Darajani, unamsalimu kwanza, unazungumza naye, ndipo unapiga. Ukishafanya hivyo umbali wenu ni mita moja na nusu hadi tatu. Kwa umbali huo milimita 35 hadi 55 za kihisio kidogo zinampiga mtu kwa heshima na kwa umbo lake la kweli. Lenzi ya 300 kwa ajili ya kumwinda mtu asiyejua kuwa anapigwa si haja ya kazi yetu, na wala haileti picha bora. Hata kima punju wa Jozani hawakimbii watu ovyo. 85 au 135 inawatosha. Atakayehitaji zaidi ya hapo ni wa mpira wa miguu, ndege, na ngalawa zikiwa mbali, na huyo atafute lenzi ya pili mahsusi, asiilazimishe ya kila siku ifanye yote.

Sasa kituliza mtikisiko, maana ndicho kilichotukutanisha.

Ndani ya lenzi mna vihisio vidogo vya mwendo vinavyopima mzunguko wa mkono: kuinama juu na chini, na kuyumba kushoto na kulia. Taarifa hiyo inakwenda kwenye kikundi cha vioo kilichoning'inizwa kwa sumaku, nacho kinasogea upande wa kinyume, mara nyingi kwa sekunde, ili taswira ibaki pale pale juu ya kihisio cha kamera. Canon ndiyo iliyoleta lenzi ya kwanza ya namna hii kwa kamera za kubadilisha lenzi, mwaka 1995. Kila kampuni ina herufi zake: Canon huandika IS, Nikon VR, Sony OSS, Fujifilm na Panasonic OIS, Tamron VC, Sigma OS. Herufi hizo zisomeni kwenye lenzi yenyewe. Boksi na maneno ya muuzaji havitoshi.

Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia, isiwe chini ya moja juu ya milimita, baada ya kuzidisha kwa kihisio. Kwa 50 kwenye Nikon ni 1/75, tuseme 1/80. Kituliza cha hatua nne kinakushusha, kila hatua ikikata kasi nusu: 1/40, 1/20, 1/10, 1/5. Watengenezaji hupima hatua hizo kwa utaratibu wa CIPA, chama chao cha Japani, kwa mashine na kwa hali nzuri. Mkononi, baada ya saa tatu za harusi, ondoeni hatua moja. Lenzi iliyoandikiwa nne ihesabuni kuwa tatu, na mtakuwa salama. Canon 17-55 na ile 24-105 ya kwanza ziliandikiwa hatua tatu. 15-85 na 24-105 ya pili ziliandikiwa nne. 24-105 f/4 ya RF, ya kamera mpya za Canon za R, iliandikiwa tano.

Lakini jamani, kituliza kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi unayempiga. Hili ndilo linaloharibu picha nyingi kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu mtu anaona kuta zimetoka safi, zulia limetoka safi, na sura ya bibi harusi imevutika, kisha anailaumu fokasi. Mtu aliyekaa anazungumza anataka 1/60 au 1/125. Anayetembea, 1/250. Ngoma ya kidumbak ikichanganya na watu wakainuka kucheza, 1/250 haitoshi kwa mikono. Nendeni 1/500 kama mwanga unaruhusu. Kwa kasi hizo kituliza hakikusaidii chochote, na cha kukusaidia ni tundu la lenzi.

Ndiyo maana swali la pili baada ya upana ni hili: lenzi inafunguka kiasi gani? Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi. Kutoka f/5.6 kwenda f/4 mwanga unaongezeka mara mbili, na kutoka f/4 kwenda f/2.8 mara mbili tena. Kwa hiyo mahali ambapo lenzi ya f/2.8 inapiga kwa ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), lenzi inayofika f/5.6 inataka ISO 6400 kwa kasi ile ile ya shata. Kwenye kamera za kihisio kidogo, hasa za miaka kumi iliyopita, ISO 6400 ni chembechembe usoni na rangi ya hina iliyopauka.

Lenzi zilizoandikwa f/3.5-5.6 zina tabia nyingine: namba ya kwanza ni ya upande mpana tu. Ukivuta zumu, tundu linajibana lenyewe. Ukiwa umeweka kila kitu kwa mkono na tundu liko wazi mwisho, picha zako zitaanza kuwa nyeusi kila unapovuta, na utadhani kamera imeharibika. Ziwekeni f/5.6 tangu mwanzo, au ISO iachiwe kamera.

Nitaje na jambo la taa, kwa kuwa kumbi zetu siku hizi zina taa za LED na za mirija. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za namna hiyo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/250 au 1/500 chini yake unaweza kupata mistari ya giza, au picha moja ya manjano na nyingine ya kijani. Shikeni 1/50 au 1/100. Kwa 1/50 kituliza kinafanya kazi yake vizuri, na wageni mnawaomba watulie kidogo.

Tuje kwenye lenzi zenyewe.

Kwa anayekula kwa harusi, nikahi, maulidi na shughuli za ndani, jibu letu ni f/2.8 yenye kituliza. Kwa Canon ni EF-S (yaani ya kihisio kidogo) 17-55 f/2.8 IS USM, ya mwaka 2006: gramu 645, filta ya milimita 77, fokasi ya haraka na ya kimya. Ni lenzi ya zamani, na bado hatujaona sababu ya kumwambia mtu aiache. Inajulikana kwa vumbi linaloingia nyuma ya kioo cha mbele; vumbi dogo halionekani kwenye picha, msikubali muuzaji au mnunuzi akalifanya hoja kubwa. Kinachostahili woga ni kituliza chake kilichochoka, na hilo tutalifikia. Sigma 17-50 f/2.8 OS ipo kwa Canon na kwa Nikon, gramu 565, bei yake ni nafuu, pembe zake hulegea kidogo ikiwa wazi kabisa. Wenye Sony ya kihisio kidogo watazame Tamron 17-70 f/2.8 yenye VC, ya mwaka 2021, gramu 525. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo inayokaribia zaidi lenzi moja ya kila kitu. Wa Fujifilm wana 18-55 f/2.8-4 OIS, gramu 310 tu, na usiidharau kwa kuwa ilizoeleka kuuzwa pamoja na kamera.

Kwa anayetembeza wageni, anayepiga mji, vijiji, fukwe, mavuno ya karafuu, picha za magazeti ya mtandaoni, mwanga upo mwingi. Huyu anunue upana na masafa. Canon 15-85 IS, ya mwaka 2009. Nikon 16-85 VR, au 16-80 f/2.8-4 VR ambayo ni bora na ghali zaidi. Fujifilm 16-80 f/4 OIS. Sony 18-135 OSS, gramu 325, nyepesi mno, ila inaanzia 18. Canon 18-135 IS ni ya kuaminika, na ile yenye mota ya STM au ya nano USM haipigi kelele kwenye video. Lakini kwa mji huu tunarudia, 18 itakubana. Wenye kihisio kikubwa hawana shida ya kuchagua: 24-105 f/4 kwa Canon na Sony, 24-120 f/4 kwa Nikon.

Lenzi za 18-200 na 18-300 hatuzipendekezi kwa kazi ya kila siku. Vioo vimelazimishwa kufanya mambo mengi, upande wa mbali unalegea na kufika f/5.6 au 6.3, na mwili wake ukiinamisha kamera huteremka wenyewe. Kwa mtu anayesafiri na hataki lenzi ya pili kabisa, hayo ni mambo ya kuvumilia. Kwa mtu anayelipwa, hapana.

Wenye kamera yenye kituliza ndani ya mwili wake, kama Sony a6600, Fujifilm X-T4, Canon R7 au Nikon Z6, wanaweza kununua hata lenzi isiyo na herufi zile. Lakini Canon R10 na R50, Nikon Z50, Sony a6400 na Fujifilm X-T30 hazina, na kamera zote za Canon na Nikon za DSLR, yaani zenye kioo cha kuakisi ndani, zile za EOS zisizo za R na Nikon za D, hazina. Kwa hizo, kituliza kiwe kwenye lenzi au hukipati. Mwenye R10 asiogope lenzi za zamani za EF-S: kwa adapta ya Canon yenyewe, IS na fokasi hufanya kazi kama kawaida.

Hapa pana mtego wa sokoni, na tunataka kila mtu atoke nao kichwani. Canon ilitoa 18-55 zinazofanana sana kwa umbo, moja ina IS na moja, ile ya III, haina. Nikon 18-55 ya AF-P, yenye mota ya aina mpya ya fokasi, ipo yenye VR na isiyo na VR. Tamron 17-50 f/2.8 ipo ya mwaka 2006 isiyo na VC, na ya 2009 yenye VC. Zote mbili zitaitwa kwa jina moja dukani na bei itafanana. Na hizo AF-P za Nikon hazifanyi fokasi kwenye kamera kama D3100, D3200, D5100 na D7000. Upande mwingine, D3000 zote na D5000 zote hazina mota ndani ya mwili, kwa hiyo lenzi ya Nikon ya zamani iliyoandikwa AF peke yake itabaki kuzungushwa kwa mkono.

Kwa iliyotumika, hasa inayotoka nje kwa mtumba, iombeni muda. Washa tochi ya simu, ipitishe upande wa nyuma huku unatazama kwa mbele. Vumbi ni nukta. Kuvu ni nyuzi, kama utando wa buibui, mara nyingi unaanzia ukingoni mwa kioo. Nukta tunazinunua, nyuzi tunaziacha, hata kama bei imeanguka nusu, kwa kuwa kuvu hula rangi ya kinga juu ya kioo na fundi hawezi kuirudisha. Vuta zumu mwanzo hadi mwisho usikilize mchanga. Ukisikia kukwaruza, mchanga ulishaingia. Angalia vijipini vya dhahabu nyuma. Kamera ikiandika Err 01 maana yake haizungumzi na lenzi: vipini vichafu, au waya mwembamba wa tundu umekatika kwa kukunjwa miaka mingi. Vifute vipini kwa kitambaa kikavu. Ikirudi Err pale tu unapofunga tundu hadi f/8, waya huo umekwisha.

Pigeni pia kanga iliyotandazwa ukutani bila mikunjo, tundu wazi, kamera sambamba na ukuta. Kanga ina pindo pande zote nne, kwa hiyo pembe zote zina cha kuonyesha. Pembe zote zikilegea sawasawa, ndiyo tabia ya lenzi. Pembe moja ikilegea peke yake, lenzi imeanguka au vioo vimekaa upande.

Hali yetu ya hewa nayo inachagua lenzi. Unyevu ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu kuvu inapata nafasi, na sisi tunaishi juu ya hapo, masika ndiyo usiseme. Tafuteni boksi la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, kipima unyevu kidogo, na silika jeli, mkilenga asilimia 40 hadi 50. Silika ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Itieni kwenye oveni kwa moto mdogo, kama digrii 120, saa mbili, inarudi. Mchele tunakushaurini muuache jikoni, una vumbi. Mkoba wa ngozi uliofungwa kabatini ni mbaya kuliko lenzi kuachwa wazi mezani.

Pwani, upepo wa kusi hubeba chumvi na mchanga mwembamba. Zumu inayorefuka inavuta hewa ndani kila unapoizungusha, kwa hiyo Paje na Nungwi msibadilishe lenzi ufukweni, na hapo ndipo lenzi moja ya kila siku inapolipa bei yake. Mkirudi, futeni mwili wa lenzi kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua, inunuliwe siku ile ile. Canon zisizo za L haziji nayo, na jua la saa sita juu ya mchanga mweupe linaosha rangi zote. Filta ya kinga ni nzuri ufukweni, ila Forodhani usiku ivueni: kila taa ya muuza mishkaki itaacha kivuli chake cha kijani upande wa pili wa picha.

Na namna ya kukitumia kituliza. Bonyeza shata nusu, subiri kama sekunde moja picha itulie kwenye kioo cha kutazamia, ndipo umalizie. Anayebonyeza kwa pupa anapiga wakati vioo vinaanza kusogea, na huweza kupata picha mbovu kuliko asiyewasha kabisa. Kwenye stendi ya miguu mitatu kizimeni. Lenzi nyingi za zamani hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza zenyewe. Ndani ya boti kituliza hakiwezi mawimbi, nendeni 1/500 na zaidi. Zimeni kamera kabla ya kuvua lenzi, ili kile kikundi cha vioo kirudi mahali pake na kujifunga. Lenzi ikivuliwa kamera ikiwa bado inafanya kazi hugongagonga ndani ukiitikisa. Haijavunjika, irudisheni, iwasheni na kuizima.

Sasa naomba kila mwenye kamera aitoe. Wenye Canon kaeni upande huu wa dirishani, Nikon katikati, Sony na Fujifilm huku kwa kina dada. Vuteni zumu hadi mwisho, shata 1/10, ISO ijipange yenyewe, lengeni maandishi yale ya ubaoni. Picha kumi kituliza kikiwa kimewashwa, kumi kikiwa kimezimwa, kila moja kwa kusubiri sekunde ile. Kisha zikuzeni kwenye skrini mpaka muone herufi moja moja. Kama kumi za kwanza hazijazidi zile za pili kwa usafi, au mnasikia mkwaruzo na picha inarukaruka kwenye kioo, nileteeni lenzi hiyo hapa mezani kabla hatujaendelea.